Lukoba wa Chetambe na Mlima wa Musa: Historia ya Waliozingirwa na Lugha ya Kuisimulia

Riwaya ya kihistoria ni mahali ambapo mwanahistoria na mwanafasihi hukutana, na aghalabu hukutana kwa ugomvi. Mwanahistoria hulalamika kwamba mtunzi ametia chumvi nyingi. Mtunzi naye hujibu kwamba mwanahistoria ameandaa chakula kisicho na chumvi kabisa. Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo. Yanakusudia kuitazama milima miwili iliyo mbali sana, na kuuliza kwa nini mmoja unajulikana ulimwenguni na mwingine haujulikani hata kwa wengi wa wasomi wetu wenyewe.

Mlima wa kwanza ni Musa Dagh, yaani Mlima wa Musa, ulioko upande wa Antiokia, katika pwani ya Bahari ya Mediterania. Wa pili ni Chetambe, unaoinuka juu ya Webuye huko Bungoma, si mbali na Misikhu, kandokando ya njia iendayo Kitale. Katika mlima wa kwanza wanakijiji wa Kiarmenia waliwapinga askari wa dola ya Waturuki mwaka 1915. Katika wa pili Wabukusu waliwapinga Waingereza na washirika wao mwaka 1895. Miaka ishirini tu ndiyo inayoyatenga matukio haya. Hata hivyo, msomaji wa Vienna au Boston akiulizwa habari za Musa Dagh huenda akajibu. Na msomaji wa Nairobi akiulizwa habari za Chetambe huenda akanyamaza, ijapokuwa amepita chini ya mlima huo mara nyingi akielekea Kitale. Tofauti hiyo imeletwa na kitabu kimoja.

Franz Werfel, mwandishi wa kitabu hicho, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Prague mwaka 1890 na kuandika kwa Kijerumani. Hakuwa Muarmenia, wala hakuyashuhudia aliyoyasimulia. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mwaka 1929, akiwa safarini Dameski, aliwaona watoto wakimbizi wa Kiarmenia, wenye njaa na vilema, wakifanya kazi katika kiwanda cha mazulia. Hapo ndipo alipoazimia kulitoa jambo hilo katika kusahauliwa. Riwaya yake, Siku Arobaini za Musa Dagh, ilitoka mwezi Novemba 1933. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwasomea hadhira za Ujerumani sura moja, ile ambayo mchungaji wa Kijerumani, Johannes Lepsius, anamwendea Enver Pasha kuwaombea Waarmenia na kurudi mikono mitupu. Lepsius na Enver walionana kweli mwaka 1915. Msikilizaji wa Kijerumani wa Novemba 1932 hakuhitaji kufafanuliwa fumbo lile. Mwezi Februari 1934 kitabu kikapigwa marufuku nchini Ujerumani.

Tukio lenyewe laweza kuelezwa kwa ufupi. Katika kiangazi cha 1915 amri ya kuhamishwa ilivifikia vijiji sita vya Waarmenia chini ya mlima ule. Wapo waliotii, wakaongozwa na mchungaji wao katika safari ya jangwani. Waliosalia walipanda mlimani na mifugo yao na bunduki chache, wakachimba mahandaki, wakayarudisha nyuma mashambulizi ya jeshi. Walitundika juu ya miamba ielekeayo baharini vitambaa vikubwa, kimoja chenye msalaba mwekundu, wakingoja meli. Mwezi Septemba manowari za Ufaransa ziliwaona, na zaidi ya watu 4,000 wakapelekwa Port Said, Misri.

Mtunzi aliifanyia nini historia hii? Jambo la kwanza, alibadili hesabu. Wazao wa manusura huadhimisha siku 53, lakini Werfel akachagua arobaini, idadi ya siku za Musa juu ya mlima wa Mungu na ya siku za gharika. Jambo la pili, na hili ndilo kubwa, alimbuni shujaa. Gabriel Bagradian anarudi kijijini kwa babu zake baada ya kuishi Paris miaka mingi, pamoja na mke Mfaransa na mtoto wa kiume. Anakuta amejifunza uafisa katika jeshi la dola ile ile inayowaangamiza watu wake. Anaupanga ulinzi wa mlima. Mtoto wake anauawa. Na meli zinapofika, yeye anabaki nyuma na kufa juu ya kaburi la mwanawe.

Nilipoisoma riwaya hii mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi ng'ambo, nilimpenda sana Bagradian, maana alikuwa msomi aliyerudi nyumbani, na msomi yeyote aliye mbali na kwao hupenda kusoma habari kama hizo. Siku hizi namtazama kwa shaka. Wanakijiji wa Musa Dagh walijilinda bila ya mtu wa Paris. Walikuwa na viongozi wao, watu wa palepale, walioijua kila njia ya mbuzi. Kwa kumleta Bagradian, Werfel alimpatia msomaji wa Ulaya mlango wa kuingilia, lakini mlango huo umejengwa juu ya dhana kwamba mkulima hawezi kujifikiria mwenyewe katika hatari. Hata hivyo ni lazima tukiri nguvu ya kitabu. Katika vita vikuu vya pili kilisomwa na Wayahudi waliofungiwa katika mitaa ya Warsaw na Białystok, nao wakauzungumzia mlima ule kama kwamba ni wao. Yaani historia ya vijiji sita ilipita katika lugha isiyo yake, kwa kalamu ya mtu asiye wa kwao, na bado ikawafikia waliokuwa wakiihitaji kuliko watu wote duniani. Tutalirejea jambo hili.

Chingoba

Wabukusu wa karne ya kumi na tisa waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta nene za udongo. Nje ya ukuta palikuwa na handaki refu. Milango ilikuwa michache na myembamba. Ndani yalikuwamo makazi ya koo na, usiku, mifugo yao. Kijiji cha namna hii huitwa lukoba, na wingi wake ni chingoba. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita sehemu hizo mwishoni mwa 1883 akielekea mahali ambapo misafara ya pwani ilipaita Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, aliviona vijiji vya kuta na kuvieleza katika kitabu chake cha 1885. Baadaye R. T. K. Scully alizichunguza alama za chingoba za Bukusu ya mashariki na kuchapisha taarifa yake katika jarida la Azania mwaka 1969. Kwa hiyo tunazungumza juu ya ujenzi ulioenea nchi nzima; Chetambe ulikuwa mmoja tu miongoni mwa nyingi.

Kuta hizi hazikujengwa kwa ajili ya Mwingereza. Zilijengwa kwa sababu ya vita vya majirani: Wateso upande wa magharibi, Wamaasai wa Uasin Gishu, na watu wa Mlima Elgon. Wabukusu nao walikuwa na mikono mirefu katika mambo ya ng'ombe wa wengine. Nalisema hili mapema kwa sababu uandishi wetu wa historia ya upinzani umezoea kuanza na amani kamili inayovunjwa na mzungu, na mtunzi wa riwaya akianza hapo atakuwa ameufunga mlango wa kuelewa yaliyofuata. Wale waliokuja kuubomoa ukuta mwaka 1895 walikuwa na visa vyao vya zamani na waliokuwa ndani.

Tena palikuwa na misafara. Watu wa pwani, Waswahili na Waarabu, walikuwa wamefika Kwa Sundu kwa biashara ya pembe miongo kadhaa kabla ya serikali, wakapata kwa watawala wa Wanga rafiki na ghala la chakula. Kwa Wabukusu kumbukumbu za watu hao hazina utamu huo. Mapokeo yao huwataja pamoja na bunduki na utekaji wa watu. Kiswahili kiliingia nchi ya Nzoia kikiwa lugha ya msafara, na mwenye kuandika juu ya Chetambe kwa Kiswahili hana budi kulijua jambo hili tangu ukurasa wa kwanza.

Agosti 1895

Wakati huo nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya mashariki ya himaya ya Uganda. Ilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902 tu. Kituo cha serikali kilikuwa Mumias, katika mji wa Nabongo Mumia, na mwakilishi wake tangu 1895 alikuwa Charles William Hobley, mtu aliyefunzwa elimu ya miamba, ambaye wenyeji wa Nyanza walimpa jina la Obilo. Kisa cha vita, kama Hobley alivyokieleza baadaye katika kitabu chake cha 1929, kilikuwa bunduki. Askari wa Kinubi waliotoroka walikuwa wamepeleka silaha kwa Wabukusu, na serikali ikazidai. Kikosi kidogo cha Wanubi kilichotumwa kuzifuata kilishambuliwa kwa Lumboka na kuangamizwa. Serikali haikuwa na nguvu ya kulipiza papo hapo. Ilingoja.

Jeshi lililokusanyika mwezi Agosti linastahili kutazamwa kwa makini, maana ndilo jambo linaloifanya historia hii kuwa ngumu na tajiri. Lilikuwa na maafisa wazungu wachache sana, wakiwa pamoja na William Grant aliyetoka Busoga. Lilikuwa na Wanubi, yaani askari wa Kisudani waliorithiwa kutoka vita vya Mto Nili. Lilikuwa na Waganda chini ya Kakungulu, ambaye baadaye angejijengea utawala wake mwenyewe mashariki ya Uganda. Lilikuwa na wapiganaji wa Wanga waliotolewa na Mumia. Lilikuwa na Wamaasai wa Uasin Gishu, mabaki ya taifa lililovunjwa na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, waliokuwa wamepata hifadhi karibu na Mumias. Sikilizeni lugha zilizosikika katika kambi ile usiku: Kiarabu cha Kinubi, Kiganda, Kiwanga, Kimaasai, Kiingereza cha watu wachache kuliko vidole vya mikono, na katikati yake, kikiyaunganisha, Kiswahili cha misafara.

Lumboka ulishambuliwa kwanza. Ulipoanguka, wengi wa waliookoka walikimbilia lukoba wa Chetambe juu ya mlima, na huko ndiko vita vilikomalizika. Waliokuwa ndani walikuwa na mikuki, mishale, ngao za ngozi, na bunduki chache. Waliokuwa nje walikuwa na bombomu. Ukuta wa udongo uliotosha kuuzuia mkuki wa Mmaasai haukuwa umejengwa kwa silaha ya namna hiyo. Hata hivyo haukuanguka kwa urahisi, na washambulizi nao walikufa wengi. Waliokufa upande wa Wabukusu, katika chingoba hizi mbili, walikuwa mamia. Wanawake na watoto walichukuliwa mateka, ng'ombe wakaswagwa kuelekea Mumias.

Hakuna manowari iliyopita chini ya Chetambe. Hapa ndipo ulinganisho wetu na Musa Dagh unapokatika, na ni vizuri ukatike. Riwaya ya Werfel, pamoja na kifo cha shujaa wake, ni riwaya ya wokovu: bahari iko pale tangu mwanzo, na msomaji anajua kwamba kutoka baharini msaada waweza kuja. Mlima wa Chetambe umezungukwa na nchi kavu pande zote, na dola iliyokuwa na manowari ndiyo iliyokuwa imeuzingira. Mtunzi atakayejaribu kuusimulia kwa mpango wa Werfel atalazimika kubuni meli, na meli hiyo, iwe ni uhuru wa 1963 au kitu kingine, itakuwa uongo wa kisanaa. Pia tuseme wazi kwamba Waarmenia wa 1915 walikabiliwa na dola yao wenyewe iliyoazimia kuwafuta kabisa. Wabukusu walikabiliwa na dola ngeni iliyotaka watii. Mizani ya mauaji haya haiko sawa, na si haki kuyachanganya. Kinachofanana ni hali ya kijiji kilichoamua kutokutoka.

Tatizo la majina

Wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, kwa hiyo naomba ruhusa ya kukaa kidogo katika maneno, maana ndani ya maneno vita vya Chetambe vinaendelea.

Tuanze na jina la watu. Katika maandishi ya serikali na ya wasafiri wanaitwa Ketosh au Kitosh, jina walilopewa na majirani na ambalo wenyewe hawakulipenda. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930, akawaandika Vugusu. Kwa hiyo mtafiti anayetafuta Wabukusu katika nyaraka za 1895 hatawapata. Atawapata Wakitosh, na pia neno pana zaidi, Kavirondo, lililowafunika watu wa lugha za Kibantu na Wajaluo pamoja kama blanketi moja. Hobley mwenyewe mwaka 1902 alichapisha uchunguzi wa kietnolojia juu ya watu wa Uganda ya mashariki. Aliyeuvunja ukuta ndiye aliyewaeleza waliokuwa nyuma yake kwa ulimwengu wa wasomi. Mambo kama haya si ya Bungoma peke yake, lakini ni mara chache hupatikana kwa usafi hivi.

Kisha neno la mahali. Vitabu vya Kiingereza vyasema "fort", na kwa Kiswahili tumezoea kufuata kwa kusema Ngome ya Chetambe. Mimi naliona neno ngome kuwa la hatari. Ngome kwa msemaji wa Kiswahili ni Ngome ya Yesu huko Mombasa: mawe, mizinga, askari wa zamu, jengo la mfalme wa mbali. Mtu akishambulia ngome, ameshambulia askari. Lakini lukoba ulikuwa kijiji. Ndani yake palikuwa na bibi kizee anayesaga wimbi, na mtoto anayefukuza mbuzi. Tukiuita ngome tumekwisha kumpa Hobley nusu ya hoja yake kabla ya kufungua mdomo. Neno boma nalo halifai: limebeba zizi la ng'ombe upande mmoja na ofisi ya mkuu wa wilaya upande wa pili.

Pendekezo langu ni kulichukua neno lukoba kama lilivyo. Wanasarufi hawana sababu ya kuogopa. Lukoba na chingoba ni ngeli ile ile ya ulimi na ndimi, ubao na mbao. Kiambishi lu- cha Lubukusu ni ndugu wa u- yetu, na chi- pamoja na king'ong'o chake ni ndugu wa n- yetu. Tofauti ya kuvutia ni kwamba katika Lubukusu king'ong'o huifanya k kuwa g, ndiyo maana koba ikawa ngoba, ilhali Kiswahili hukidondosha kabla ya k, ukuta ukawa kuta. Kwa upatanisho wa kisarufi tunaweza kusema lukoba huu, chingoba hizi, kama nilivyofanya katika kurasa hizi, na sentensi haikulalamika. Wapo watakaosema kwamba tunakijaza Kiswahili maneno ya bara. Kiswahili hakikuuliza ruhusa kilipochukua bunduki kutoka kwa Waarabu. Hakitakufa kwa kuchukua ukuta kutoka kwa Wabukusu.

Pingamizi kubwa zaidi ni lingine. Kwa nini Kiswahili kabisa? Kwa nini historia hii isiandikwe kwa Lubukusu? Bila shaka yafaa iandikwe. Lakini Lubukusu kimepata njaa ya machapisho. Katika miaka ya 1940 Kamati ya Lugha ya Luyia ilijaribu kuunda maandishi ya pamoja kwa Waluyia wote, na Wabukusu walikuwa miongoni mwa waliokataa kumezwa. Walikuwa na haki, lakini matokeo yake ni kwamba vitabu vilivyotoka kwa Luyia ya pamoja havikuwa vyao, na vyao vilikuwa vichache. Wanahistoria walioshughulikia nchi hii, Gideon Were mwaka 1967 na F. E. Makila mwaka 1978, waliandika kwa Kiingereza. Na mpinzani wangu atarudi na jambo nililolitaja mwenyewe: Kiswahili kilikuwa kambini kwa Hobley. Lugha iliyopitisha amri za kuuzingira mlima yawezaje kuwa lugha ya waliozingirwa?

Jibu halimo katika nadharia. Limo katika yaliyotokea Chetambe nusu karne baadaye.

Mwezi Septemba 1947 maelfu ya watu walipanda mlima ule wakiongozwa na Elijah Masinde, aliyewahi kuwa mchezaji mashuhuri wa kandanda na sasa akihubiri kwamba wazungu warudi kwao. Walikwenda kuwalilia waliokufa mwaka 1895 na kutoa sadaka. Miaka 52 ilikuwa imepita. Wapo waliokuwa na baba zao chini ya udongo ule. Hawakuhitaji kitabu, miaka yao ilihesabiwa kwa marika ya tohara, yale manane yanayozunguka, na kila mzee alijua nani alitahiriwa kabla na nani baada ya ukuta kubomolewa. Serikali, ambayo ilikuwa imeandika Chetambe katika majalada kama jambo lililokwisha, ilishtuka kukuta kwamba halikuwa limekwisha. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, wakawaua watu 11. Masinde alikamatwa mwezi huo huo, dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishwa. Wafuasi wake wengi walikuwa vibarua na maskwota katika mashamba ya walowezi ya Kitale, watu ambao mlima wa babu zao ulikuwa mbele ya macho yao na ardhi yake mikononi mwa wengine.

Sasa sikilizeni jina la dini hiyo: Dini ya Msambwa. Neno la kwanza ni la Kiarabu lililopitia pwani. La pili ni kihusishi cha Kiswahili chenye upatanisho sahihi wa ngeli. La tatu ni la Lubukusu, kumusambwa, yaani mzimu na desturi ya wahenga, lakini limevuliwa kiambishi chake kirefu na kuvishwa m- ya Kiswahili. Wajukuu wa waliokufa Chetambe walipotaka kulipa jina jambo lao kubwa kuliko yote, jambo la kuwarudia wahenga na kumkataa mgeni, walilitunga kwa Kiswahili. Hawakuomba radhi. Lugha ya msafara ilikuwa imekwisha kuwa yao, kama bunduki za watoro zilivyokuwa zimekwisha kuwa zao kabla ya 1895. Sioni ni kwa nini mtunzi wa riwaya awe na haya ambayo Masinde hakuwa nayo.

Serikali ilimpeleka wapi Masinde? Ilimpeleka Lamu. Nabii wa Bukusu, aliyeufanya mlima wa Chetambe kuwa madhabahu, alitiwa kizuizini katika visiwa ambavyo tenzi kuu za Kiswahili zilitungwa. Mtunzi akibuni jambo kama hili tutamwambia kwamba ametia chumvi.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe haina uhaba wa mifano ya kumsaidia. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani katika Mrima akiwa karibu na matukio. Abdul Karim bin Jamaliddini akafanya hivyo kwa Maji Maji. Na Ebrahim Hussein akayarudia Maji Maji katika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Mwaka huo huo P. M. Kareithi alitoa Kaburi Bila Msalaba juu ya vita vya Mau Mau. M. M. Mulokozi aliandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, kisha riwaya ya vijana, Ngome ya Mianzi, juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani. Kwa upande wa nchi tunayoizungumzia, hayati Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma, alimtoa kijana wake Tanga akamfikisha Kitale katika Siku Njema mwaka 1996, akithibitisha kwamba Kiswahili sanifu chaweza kupumua vizuri katika hewa ya Mlima Elgon. Ukiitazama orodha hii utaona kwamba vita vya kusini ya Tanganyika vimetungiwa katika kila utanzu, na vita vya nchi ya Nzoia vimekaa kando.

Katika kazi zote hizo napenda mtunzi wa Chetambe aisome Kinjeketile kwa makini kuliko nyingine, kwa sababu Hussein hakuona haya kuonyesha makabila yakishukiana kabla ya risasi ya kwanza. Hapo ndipo penye mtihani. Wazao wa wapiganaji wa Wanga wako Mumias, safari ya saa chache kutoka Misikhu. Wanaoana na Wabukusu, wanakaa nao katika mabaraza ya shule na ya makanisa, na siku za uchaguzi hupimana kwa macho. Riwaya itakayowafanya Wanga kuwa wasaliti tu itapokewa kwa makofi upande mmoja wa Nzoia na kwa ghadhabu upande wa pili, na wote wawili watakuwa wamesoma vibaya. Mumia alikuwa na hesabu zake: alikuwa na majirani wenye nguvu kumzidi na mgeni mwenye bombomu. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wakimbizi wanaokula kwa mkono wa mwenyeji. Hata Mnubi, aliyezaliwa karibu na Nili na kufa katika handaki la Lumboka, alikuwa mtu aliyechukuliwa mbali na kwao. Werfel alilielewa hili kuliko anavyosifiwa: ndani ya riwaya yake wamo Waturuki wacha Mungu wanaochukizwa na matendo ya serikali yao, na ndani ya mlima wamo Waarmenia wanaooneana wivu na kuibiana. Zaidi ya mashujaa wake, hayo ndiyo yanayokifanya kitabu chake kisomeke bado.

Na Bagradian? Chetambe haumhitaji. Katika 1895 hapakuwa na Mbukusu aliyerudi kutoka Paris, na ni vema mtunzi asimlete. Mtu anayehitajika, kwa maoni yangu, ni yule asiyeonekana katika masimulizi ya pande zote mbili, yaani mkalimani. Dai la serikali la kurudishiwa bunduki halikwenda kwa Kiingereza. Liliondoka Mumias likiwa katika Kiswahili, likavuka Nzoia, likageuzwa kuwa Lubukusu mlangoni pa Lumboka, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Mtu aliyelibeba alipaswa kuchagua maneno. Je, neno la kudai aliligeuza kuwa kuomba, au kutisha? Alisema "bunduki zetu", na "zetu" hiyo ilikuwa ya nani? Mtu wa namna hiyo angeweza kusimama usiku kambini na kuisikia amri, na kesho yake kusimama chini ya ukuta na kusikia, katika lugha anayoijua vizuri pia, wanawake walio ndani wakiitana majina ya watoto wao.

Handaki la Chetambe bado laonekana, limejaa nyasi. Ukitoka Misikhu kwa miguu asubuhi, kabla ya jua kali, unalifikia mapema vya kutosha kuuona bonde la Nzoia likifunguka kuelekea Mumias.